Mafuta ya Nabii kwenye Glavu za Stima

Juzi binti mmoja wa jirani, aliyemaliza chuo cha ufundi na kuajiriwa kazi ya stima, alikuja kunisalimia hapa kwangu Kitale. Mkononi alikuwa na bangili ya mpira, nyekundu, imeandikwa SIGUSIKI. Nikamuuliza hiyo ni nini. Akasema ni kinga. Ameinunua kwenye mkutano wa injili Bungoma, imeombewa na mtumishi mkubwa, na akiwa nayo juu ya nguzo hakuna stima itakayomgusa. Kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, akiniita babu kwa lugha ya kwetu, "Na wewe guka, siku zenu mlikuwa mnatumia kinga gani?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nilipomaliza kukohoa nikakasirika, na hasira hiyo bado haijaisha. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi vijana mnaopanda nguzo, pamoja na nyinyi msiopanda lakini mnanunua bangili.

Kwanza mnijue, msije mkasema ni mpagani anayewasumbua. Nimezaliwa Kachibora, wazazi wangu wakiwa wametoka upande wa Kati na kupata shamba la mahindi huko. Nilibatizwa nikiwa mtoto, nikapotea kidogo kama vijana wengi, nikarudi, na tangu nirudi sijawahi kupanda nguzo bila kuomba. Kazi yangu yote ilikuwa kwenye laini za stima, kutoka Cherangany hadi miteremko ya Mlima Elgon, mvua ikinyesha na upepo ukivuma, na kama si Mungu nisingekuwa hapa nikiwakemea. Hilo nalisema bila aibu. Nisichokubali ni huu mchezo wenu wa kuigeuza imani kuwa kama kredo ya simu: unakwaruza, unaingiza, unatumia mpaka iishe, halafu unarudi kwa mtumishi kununua nyingine.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Wanyonyi, mtu wa Bungoma, mfupi, miguu imejipinda kwa kukumbatia nguzo miaka mingi. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa dogo la mabati. Siku za kazi alikuwa msimamizi wetu, na hakuwa na huruma hata kidogo. Utaratibu wake haukubadilika. Kwanza unazima swichi ya laini. Halafu hujidanganyi kwamba umemaliza, kwa sababu swichi inaweza kuwashwa na mtu asiyekujua wala kukupenda. Unainua fimbo ya kupimia mpaka kwenye waya. Kama kuna stima inalia, kama hakuna inanyamaza. Ikinyamaza, unachukua waya wa ardhini. Ncha moja unaifunga kwenye chuma ulichokipiga udongoni, ncha nyingine unaining'iniza kwenye laini kwa fimbo ndefu, ili stima ikitokea mahali usipopajua, ikimbilie ardhini isipitie kifuani mwako.

Hapo ndipo mzee alipovua helmeti yake tukaomba. Maombi yenyewe yalikuwa mafupi kuliko salamu zenu za simu. "Baba, tumefanya yetu, fanya yako, amina." Na alitukataza kufumba macho. Alisema kufumba macho ni kwa watu waliokaa kwenye viti.

Mimi nilikuwa kijana na nilijiona mjuaji wa mambo ya dini. Siku moja nikamuuliza, "Mzee, kwa nini Mungu tunamweka mwisho? Si tungeanza na yeye?"

Aliniangalia vile mtu huangalia ng'ombe aliyeingia jikoni. "Nani amekwambia ni wa mwisho? Hiyo akiri ya kufunga waya umetoa wapi, kwa shangazi yako? Ukipewa mwavuri na mvua inanyesha, unapiga magoti tena kuomba usirowe, ama unafungua mwavuri bana?"

Nikachukua fimbo ya kupimia.

Kuna siku tulipelekwa Cheptais baada ya mvua kubwa. Waya ulikuwa umeanguka kwenye shamba la vitunguu la shemasi mmoja. Shemasi mwenyewe tulimkuta ndani, ameketi karibu na moto. Kule shambani, karibu na waya, alikuwa ameweka kigoda na juu yake Biblia iliyofunguliwa, ili ilinde watoto wa majirani wasisogee. Tulipofika, watoto walikuwa wameshakizunguka kigoda wakishangaa kwa nini Biblia inanyeshewa. Wanyonyi aliwafukuza kwa fimbo, akaichukua Biblia, akaifuta maji kwa shati lake, akampelekea shemasi mlangoni. "Hii ni ya kusoma," akamwambia. "Mambo ya kusimama kwa mvua ni yako." Akamtoa nje, akamsimamisha mahali pa kigoda mpaka tukamaliza. Shemasi alitetemeka kwa baridi, lakini hakuna mtoto aliyesogea tena.

Hiyo ndiyo dini niliyofundishwa. Sasa sikieni iliyokuja baadaye.

Wanyonyi alistaafu, akaletwa Barasa kuwa msimamizi. Barasa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa. Aliogopa wakubwa, aliogopa wachawi, aliogopa ndoto zake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo lazima apate wa kumshika mkono. Alimpata Nabii mmoja wa Bungoma. Jina lake siliandiki, ana mawakili. Alikuwa na hema kubwa pembeni mwa mji, viatu vyeupe, na sauti ya kukoroma aliyoitunza kwa ajili ya kipaza sauti. Barasa akamleta hadi yadi yetu Kitale aje kubariki vifaa.

Tulipangwa mstari. Nabii akapita na chupa, akimimina mafuta kwenye helmeti, kwenye mikanda, na kwenye glavu zetu za mpira. Glavu za mpira, jameni! Kila fundi anajua, au alipaswa kujua, kwamba mpira ukipakwa mafuta unalegea, unavimba, unapasuka ufa ambao jicho halioni. Glavu hizo ndizo zinazokutenga na kifo, na zinataka kuoshwa kwa maji na kupakwa poda tu. Nilimnong'oneza Barasa. Akaniambia nisimhuzunishe Roho Mtakatifu. Zangu nilikuwa nimeshazificha kwenye mfuko wangu wa githeri, chini ya mkebe wa chakula.

Nabii akasimama mbele yangu. "Na zako ziko wapi, mzee?"

"Zangu zimeokoka tayari, Nabii."

Vijana wakacheka, Barasa akakunja uso. Aliyecheka zaidi alikuwa Simiyu, fundi hodari kuliko wote tuliokuwa nao, mwepesi juu ya nguzo, mtu wa mizaha, kijana wa mjini Bungoma. Lakini zake alizitoa zikapakwa, na akapewa bangili juu yake, kwa sababu mke wake Nafula aliimba kwaya katika hema lile na Simiyu hakutaka vita nyumbani. Tangu siku hiyo utaratibu wetu ukabadilika. Maombi yakahamia yadini asubuhi, marefu, ya kupiga kelele na kutembea huku na huku. Na kwa kuwa yalikula muda, kitu fulani kilibidi kipunguzwe. Kilichopunguzwa ni fimbo ya kupimia na waya wa ardhini. Barasa alisema swichi ikizimwa na damu ya Yesu ikitajwa, inatosha. Mimi nilizoea kufunga waya wangu mwenyewe, na walizoea kunicheka. Waliniita Tomaso.

Ikaja siku ya Bungoma. Kikosi cha huko kilikuwa kimezidiwa, tukaitwa kusaidia. Upepo ulikuwa umevunja tawi la mkaratusi, tawi limekata waya wa laini ndogo inayoishia kwenye lile hema la Nabii. Hema lilikuwa na transfoma yake peke yake, mwisho kabisa wa laini. Kulikuwa na kongamano, magari yamejaa mpaka barabarani. Swichi ya laini tuliizima wenyewe tukiwa njiani, na tukaifunga kwa kufuli. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kupanda nguzo iliyo karibu na hema, kuushika waya uliobaki ukining'inia, kuuvuta na kuuunga.

Nabii alikuja mwenyewe, ameinua suruali viatu visipate matope. "Watumishi wa Mungu, watu wangu wako gizani." Ilikuwa mchana kweupe.

"Dakika kidogo tu, Baba," Barasa akasema. Akageuka. "Simiyu, panda."

Nikasema tushushe kwanza waya wa ardhini. Ulikuwa chini ya ngazi, chini ya kamba, chini ya kila kitu kwenye lori, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiutumia isipokuwa mimi.

"Wewe mzee kila siku ni wewe," Barasa akasema. "Raini tumezima na mkono yetu. Asubuhi tumeomba. Unataka nini tena?"

"Nataka kupima."

"Ati kupima! Mungu unampima?"

Simiyu alikuwa ameshavaa vyuma vya kupandia na zile glavu zake. "Mzee, acha wasi," akaniambia. "Hii ni kitu ya kupanda na kushuka. Niko covered." Akanionyesha bangili.

Hapo, vijana, ndipo naomba mnisikilize vizuri. Sikuwa na uhakika wa kitu chochote. Swichi tulikuwa tumeizima kweli. Kufuli nililiona. Akili yangu iliniambia laini imekufa, na nikiendelea kubisha nitaonekana mzee mkorofi anayengojea pensheni yake. Barasa alishasema angeandika kwa wakubwa kwamba nakataa amri, na mtu aliyebakiza muda mchache wa kazi hataki maneno kama hayo. Niliogopa. Stima nimeizoea, lakini kundi la watu waliokasirika sijawahi kulizoea. Kwa hiyo niliomba, palepale, kimoyomoyo, maneno machache tu: Baba, nisiwaogope hawa. Kisha nikanyamaza.

Na katika kunyamaza nikasikia kinanda.

Msiniambie ilikuwa sauti ya malaika. Kilikuwa kinanda cha umeme, tena kikipigwa vibaya, mtu anatafuta wimbo na haupati. Kila mtu pale alikuwa akikisikia tangu tulipofika. Lakini stima ilikuwa imekatika, si ndivyo? Kwa hiyo kinanda kilikuwa kinakula nini?

Niliangalia nyuma ya hema, nikaona moshi mwembamba. Jenereta. Nikawaza kwamba wahudumu wameichomeka kwenye soketi ya kawaida kama watu wengi wanavyofanya, na swichi kubwa ya kutenga nyaya zao na laini yetu hawakuigusa. Mtu akifanya hivyo stima haikai ndani kwake. Inatoka, inaingia kwenye transfoma kwa upande wa chini, na transfoma haijui hema wala kampuni. Ukiipa kidogo upande wa chini inatoa ya kuua upande wa juu. Labda. Huenda walikuwa wameizima hiyo swichi, huenda hawakuizima. Kutoka pale nilipokuwa nimesimama sikuweza kujua.

Simiyu alikuwa ameshaweka mguu kwenye nguzo. Nilimvuta, nikautoa mkanda wangu, nikauzungusha kwenye nguzo palepale chini na kujifunga nao. Nikakaa hivyo, mgongo kwenye nguzo, kama mtu aliyefungwa na wezi. Wa kupanda angenipanda mimi kwanza.

Nikapaza sauti kwamba kuna jenereta. Barasa akajibu kwamba jenereta ni ya hema na laini ni ya kampuni, zinahusiana vipi? Fundi mzima, anasema hivyo! Nabii akaninyooshea mkono. "Huyu ana pepo wa kutoamini! Ameletwa kuzuia kongamano!" Watu wakatoka hemani. Wakanizunguka, mikono imenyooshwa kwangu, wengine wakinena kwa lugha, wengine wakilia, mama mmoja akanimwagia maji ya chupa usoni. Nilijua majirani wangu watasikia habari hii, na itafika Kitale kabla yangu. Lakini sikutoka. Naapa kwenu sijui nguvu hiyo ilitoka wapi kama haikutoka nilikoiomba, kwa sababu mimi najijua, nimeumbwa mwoga.

"Leteni fimbo ya kupimia," nikasema. "Ikinyamaza, najifungua na kuomba msamaha kwenye kipaza sauti."

Simiyu ndiye aliyekwenda kuichukua, tena kwa hasira, ili aniaibishe upesi tuendelee na kazi. Alipanda juu ya lori, akaiinua mpaka kwenye waya.

Ikalia.

Nyinyi mnaoijua fimbo hiyo mnajua kelele yake. Watu waliokuwa wakinena wakanyamaza wote. Simiyu alibaki ameishika vile vile, haishushi, mdomo wazi. Nikamwambia mhudumu mmoja akazime jenereta. Kinanda kikafa katikati ya wimbo, na fimbo nayo ikanyamaza.

Simiyu akashuka lorini, akakaa kwenye matope. Nikajifungua nikamwendea, nikamvua glavu moja. Nikaikunja kutoka mkononi kuelekea vidoleni ili hewa ibanwe ndani, nikamwekea karibu na sikio. Hewa ilikuwa inatoka kwenye kidole gumba, inapiga mluzi. Mafuta yalikuwa yamefanya kazi yake. Alitapika.

Na Nabii? Mnadhani aliona haya? Alirudi hemani. Tulipomaliza kazi, waya wa ardhini ukiwa umefungwa mbele ya macho ya wote, kipaza sauti kiliwaka na nikamsikia akiwaambia watu kwamba tangu jana alikuwa ameona katika maono mauti yakizunguka hema, na mafuta yake yamemkomboa kijana. Wakapiga makofi. Sadaka ikachangwa. Nilitema mate chini, Mungu anisamehe. Tukiwa njiani kurudi Kitale niliwaambia wenzangu lorini kwamba hema lile limejaa watu waliokodisha akili zao, kuanzia mlangoni hadi kwenye kwaya, hakuna hata mmoja anayejua anaomba nini. Barasa aliangalia dirishani njia nzima.

Haikupita wiki, mwanamke akabisha hodi kwangu. Alikuwa Nafula, mke wa Simiyu, amevaa kitambaa cheupe cha kwaya ya Nabii kichwani. Nikasema moyoni, ametumwa kunitoa pepo. Nikaandaa maneno makali ya kumtosha. Alikuwa amebeba kuku kwenye mfuko, kichwa kimetolewa nje, na kuku huyo akanivuruga. Mtu haji kufukuza pepo na kuku. Nikamkaribisha aketi. Mke wangu akaenda jikoni kuweka chai.

"Mzee, mimi sijui mambo ya stima," alisema. "Lakini tangu Simiyu aanze hii kazi, kila asubuhi akitoka, nafunga mlango naomba kitu moja tu. Siombi asikufe. Hiyo kila bibi anaomba, na wengine wamezika. Naomba Mungu amuwekee mtu wa kumkataza. Juu bwanangu namjua. Yeye mwenyewe hawezi kujikataza."

Nilimuuliza maombi hayo anayafanyia wapi.

"Nyumbani. Na huko huko kwa hema. Sasa mzee, nikiwa kwa hema Mungu hanisikii?"

Siku ile pale chini ya nguzo nilidhani niko peke yangu na maombi yangu ya maneno machache. Kumbe kulikuwa na mtu ndani ya lile hema nililolitemea mate, aliyekuwa ameniombea kabla hajanijua, kila asubuhi, kwa miaka. Na mimi nilisema kwaya yote haijui inaomba nini.

"Sikujua ni wewe," Nafula akaendelea, akiniangalia vizuri. "Nilikuwa nafikiria atakuwa mtu mpole."

Nikacheka, macho yamelowa, nikashindwa kuficha. Akanikabidhi kuku. Kisha akaniuliza, bila kejeli, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Na wewe mzee, hiyo hasira yako yote, nani hukukataza?"

Mke wangu ndiye aliyejibu, kutoka jikoni. "Huyo wa kumkataza ndiye naomba tangu wewe ukiwa msichana mdogo, mama. Kaa, chai iko tayari."